Kiwanda Kilichompima Mume Wangu

Ijumaa ya pili ya mwezi wa Rajabu, mwaka juzi, baada ya sala ya alfajiri, nilifiwa na mume wangu. Tulikuwa tumeoana tangu mimi msichana niliyeishia kidato cha pili na yeye kijana aliyerudi kutoka kujifunza ufundi wa redio Unguja. Alikuwa na maradhi ya moyo. Tulimzika siku ile ile baada ya sala ya Ijumaa, hapa hapa Vitongoji, Pemba, karibu na baba yake.

Watu wanaponipa pole huniuliza aliumwa nini. Nikijibu kwamba ni moyo, hutikisa kichwa na maneno huishia hapo. Lakini katika mwaka wake wa mwisho tulizungumza sana, yeye na mimi, juu ya kiwanda kimoja cha ng'ambo kilichokuwa kikitengeneza mashine za kupimia moyo. Hatukukiona kiwanda hicho, na hatukupata kumjua mtu wa nchi ile. Hata hivyo kiliingia ndani ya nyumba yetu kama jamaa wa mbali anayezungumzwa kila siku. Naandika habari zake kama nilivyozisikia. Jina lake silitaji kwa sababu nililisikia mara chache na sina hakika kama nalitamka sawasawa.

Mume wangu alikuwa akifanya kazi barazani kwetu. Mezani pake palikuwa na nyaya, skrubu ndani ya vifuniko vya chupa, na chuma cha kuyeyushia risasi ya kuungia. Siku hizi redio ni chache, watu wana simu, basi alitengeneza simu, taa za sola na spika za msikiti. Lakini akiletewa redio ya zamani, ya mbao au ya plastiki nzito, aliacha kazi nyengine zote. Aliifungua taratibu na kuinusa kwanza. Alisema redio iliyoungua ina harufu yake na iliyochoka ina harufu yake.

Ugonjwa ulianza kidogo kidogo. Akitoka msikitini alikuwa akisimama njiani, anajifanya anaangalia shamba la mtu. Siku moja nilikuwa nyuma yake nimebeba muhogo, nikamkuta amesimama.

"Wamsubiri nani hapo?" nikamuuliza.

"Naisubiri pumzi. Imebaki nyuma."

Tulicheka. Baadaye miguu ilianza kuvimba. Ukiibonyeza kwa kidole, shimo lilibaki. Hapo sikucheka tena.

Ana dada yake mkubwa, nyumba ya pili kutoka kwetu. Mama yao alikufa mapema, na dada huyu ndiye aliyemlea. Dawa yake ya kila kitu ni mafuta ya makonyo, yale yanayopikwa kutokana na vikonyo vya karafuu. Huyachanganya na mafuta ya nazi kwani peke yake yanaunguza. Goti likiuma, anakanda. Mtoto akipata mafua, anakanda. Alipoona mdogo wake anatweta, alianza kumkanda kifua asubuhi na jioni, na mume wangu alikubali. Sidhani kama aliamini yatamponya. Nadhani alipenda kukandwa na dada yake.

Kwenye kituo cha afya cha kijijini walimsikiliza kifua, wakatuandikia twende hospitali Chake Chake akapimwe moyo kwa mashine. Asubuhi ya safari wifi yangu aliingia na chupa yake kabla hatujanywa chai.

"Dada, leo naenda kwa daktari," mume wangu akamwambia.

"Ndiyo maana nimekuja. Wataka uvue shati mbele ya watu na ngozi kama ya kenge? Watasema huna mtu."

Kwetu ndivyo ilivyo. Mtu haendi kwa daktari na mwili mkavu, kama vile haendi na nguo chafu. Mwili wenye vumbi jeupe ni aibu ya wale wanaomtunza. Basi alimpaka mafuta kifuani, mgongoni, mikononi na miguuni mpaka akang'aa, na sisi sote tukaona amependeza. Ndani ya gari abiria walifungua madirisha kwa harufu.

Chumba cha kupimia kilikuwa kidogo, kina kitanda na pazia. Mashine ilikuwa juu ya meza ya magurudumu, rangi ya maziwa yaliyokaa, ina mkono wa kubebea na swichi za kuzungusha. Mume wangu alipoiona alisahau kuwa yeye ni mgonjwa. Aliinama akaichungulia nyuma.

"Mzee, kitanda ni hiki," nesi alimwambia.

Nesi alikuwa mwanamke wa makamo, mchangamfu, wa hapo hapo Chake. Alimfunga vibanio mikononi na miguuni, kisha akachukua vikombe vidogo vyenye mpira nyuma. Ukibonyeza mpira na kukiweka kikombe kifuani, kinanyonya ngozi na kuganda. Cha kwanza kikaganda. Alipokuwa anaweka cha pili, cha kwanza kikateleza kikaanguka ubavuni. Akakirudisha. Cha pili kikaanguka. Akainua vidole vyake akavinusa.

"Mzee, umepakwa nini?"

"Makonyo."

"Na?"

"Na nazi."

"Imebaki binzari tu, tukuinjike motoni."

Mume wangu alicheka mpaka akakohoa, na vikombe vyote vikaanguka pamoja. Nesi alimfuta kwa pamba na spiriti, lakini mafuta yale yalikuwa yameshaingia mwilini, si ya alfajiri ile tu, ya wiki nyingi. Alipowasha mashine, karatasi yenye miraba midogo myekundu ikaanza kutoka, na juu yake mstari uliopanda na kushuka ovyo kama mwandiko wa mtoto anayeshika kalamu kwa mara ya kwanza. Akazima, akafuta tena, akawasha. Karatasi ikatoka na alama nyekundu ukingoni. Nesi akaiangalia alama ile, dalili kwamba karatasi inakwisha. Karatasi ikaendelea kidogo, ikaisha, na mashine ikasimama.

Alifungua kabati akatoa boksi, akalitikisa. Lilikuwa tupu.

"Hiyo ndiyo ilikuwa ya mwisho," alisema. Nilimwona amefadhaika kuliko sisi.

Daktari alimsikiliza moyo kwa masikio yake, akambonyeza miguu, akampa vidonge vya kutoa maji. Alituambia anashuku moyo umechoka na haupigi kwa mpango, lakini hawezi kumpa dawa za moyo wenyewe mpaka aone unavyokwenda, kwani dawa ya moyo wa namna moja huweza kumdhuru mwenye moyo wa namna nyengine. Ama twende Unguja, ama tusubiri karatasi. Hakuna aliyejua karatasi itakuja lini.

Nyumbani wifi yangu alikuwa mlangoni akitusubiri. Tulimweleza. Kwanza alijivuna kidogo: "Mafuta yangu yameishinda mashine ya Wazungu?" Kisha akafahamu. Akakaa kitako ukumbini, chupa iko mapajani.

"Basi miye ndiye niliyemaliza karatasi ya watu."

"Dada, ilikuwa imebaki shubiri tu," mume wangu alimwambia. "Hata ningekwenda mkavu kama dagaa, wa nyuma yangu angeikosa."

Akaja akakaa karibu yake mpaka aliponyamaza kulia. Toka siku ile wifi yangu hakumgusa tena kwa mafuta, na nilijua wote wawili wanatamani.

Tukasubiri. Mume wangu akawa anakwenda Chake kila alipopata nafasi kuulizia karatasi, na nafikiri alikwenda pia kuiona mashine. Alikuwa amefahamu kwamba karatasi ile huandikwa kwa joto, si kwa wino. Basi alinunua dukani karatasi ya kutolea risiti, ambayo nayo huandikwa kwa joto, akamwomba nesi wajaribu. Nesi alikubali. Ilikuwa nyembamba, ikakaa kombo. Mashine ililia pii, pii, ikakataa kuandika hata nukta.

"Imenikataa," aliniambia aliporudi. "Imejua si ndugu yake."

Vidonge vya kutoa maji vilimsaidia miguu, lakini pumzi haikurudi. Alianza kulala ameegemea mito.

Ndipo akaja fundi mmoja kutoka Dar es Salaam. Alikuwa ameletwa kutengeneza mashine ya kuwatia joto watoto wachanga, na nesi akamwonesha mashine ya moyo. Mume wangu alimkuta pale. Sijui walizungumza nini, lakini siku ya pili alimleta nyumbani kula chakula cha mchana. Alikuwa mtu wa bara, mnene, mcheshi, kichwa kimeanza mvi. Nilipika wali na mchuzi wa pweza. Alipokuwa kijana, kampuni yake ilimpeleka ng'ambo kujifunza katika kiwanda kile kile kilichotengeneza mashine ya Chake.

"Kula, fundi," mume wangu alimhimiza. "Kwenu mmezoea sembe, huu wali usikutishe."

"Wali haunitishi, yakhe. Kinachonitisha ni maneno yenu. Jana mzee mmoja kanisimulia nusu saa, nimeambulia salamu tu."

"Salamu ndiyo kubwa. Yaliyobaki ni maneno ya bure."

Baada ya kula tulikaa barazani, na mume wangu akamuuliza alilotaka kuuliza toka mwanzo: nani aliyeianzisha mashine ile.

Fundi alisema kiwanda kilianza na mtu mmoja mwenye duka la kutengeneza redio, katika mji mdogo wa baridi. Daktari wa mji huo alikuwa na mashine ya moyo, na siku moja ikafa. Zamani hizo mashine hiyo ilikuwa kubwa kama kabati la nguo, haiwezi kumfuata mgonjwa. Mgonjwa ndiye anayeifuata. Daktari hakuwa na mtu wa kumtengenezea, akamwita fundi redio. Fundi akaifungua, akakuta kwamba ndani ni redio.

"Redio vipi?" nikauliza mimi.

"Mama, moyo kila ukipiga unatoa umeme. Mdogo mno, haumshitui hata sisimizi. Unafika mpaka kwenye ngozi. Mashine inaudaka na kuukuza, kama redio inavyodaka kitu kinyonge hewani ikakikuza. Tofauti ni kwamba redio inakupa sauti, hii inasukuma kalamu."

Mume wangu alijipiga paja. "Basi moyo una stesheni yake!"

"Unayo. Na haifungi matangazo."

"Inafunga siku moja."

"Hiyo siku haiko mikononi mwa mafundi, mzee."

Yule mtu wa redio, akaendelea, alimtengenezea daktari mashine yake, kisha akakaa akifikiri. Ikiwa redio watu wanaibeba mkononi, kwa nini hii isibebwe? Akaunda moja ya kutia ndani ya sanduku la safari. Daktari akaenda nayo majumbani kwa wazee wasioweza kutoka. Daktari wa mji wa pili akaitaka. Mtu wa redio akaajiri wanawake wa mtaani kwake waliokuwa wakishona nguo, kwa sababu vidole vyao vilikuwa vyepesi na macho yao yamezoea vitu vidogo. Duka likawa karakana, karakana ikawa kiwanda. Mashine zikaenda nchi nyingi, na moja, kwa njia zake, ikafika Pemba.

Kisha akatueleza jambo ambalo mume wangu hakulisahau. Alisema kiwandani, mwisho wa mstari wa kazi, palikuwa na kitanda. Mashine ikimalizika, mmoja wa wale walioiunganisha alilala juu ya kitanda, akafungwa vibanio na vikombe, na mashine ikampima yeye kwanza. Mstari ukitoka safi, mashine inafungwa kwenye boksi. Ukitoka vibaya, inarudishwa mezani. Wanawake wale walikuwa wakipeana zamu na kutaniana: leo moyo wako una nini, umegombana na mume? Fundi mwenyewe, alipokuwa huko, alilazwa pale mara nyingi.

"Hakuna iliyotoka mlangoni bila kumpima mtu wao," alisema.

"Na hii ya Chake ilimpima mtu?"

"Ilimpima. Kabla ya mgonjwa yeyote."

Mimi niliwaona wale wanawake kama nawafahamu: wanavua viatu, wanapanda kitandani, wanacheka, na nje kuna baridi. Sijui kwa nini niliwaonea huruma. Hawakuwa wagonjwa.

Nikauliza sasa mbona karatasi haipatikani. Fundi akasema aliyeanzisha alizeeka. Watoto wake hawakuwa watu wa kazi ile, wakakiuza kiwanda kwa kampuni kubwa. Kampuni kubwa ilikuwa na mashine zake mpya. Ilitaka wateja wa kiwanda, haikutaka kiwanda. Ikaendelea kutengeneza karatasi kwa muda, kisha ikaacha, na kuwaambia wenye mashine za zamani wanunue mpya. Wanawake wale wakatawanyika. Jengo, kwa alivyosikia, sasa linauza makochi.

"Hawakufanya kwa ubaya," alisema. "Wao wana hesabu yao. Lakini mashine hazijui kuwa kiwanda kimekufa. Ziko kila mahali, zinasubiri karatasi."

"Na yule mwenyewe, wa redio," mume wangu akauliza, "alikufa na nini?"

Fundi alifikiri kidogo. "Sikuambiwa, mzee. Ningependa kukwambia ni moyo, hadithi ingekaa vizuri. Lakini sikuambiwa."

Kabla hajaondoka alisema kwamba katika stoo moja ya Dar es Salaam aliwahi kuona maboksi ya karatasi ile. Atatafuta. Hakuahidi zaidi ya hapo.

Hapo ndipo ugomvi wetu ulipoanza, mimi na mume wangu, na sisi hatukuwa watu wa kugombana. Alisema haendi Unguja. Atasubiri karatasi.

"Mashine iliyompima aliyeitengeneza, hiyo ndiyo nnayoitaka inipime na miye."

"Karatasi yenyewe iko stoo ya watu, haijulikani ipo au haipo."

"Itakuja."

"Na pumzi yako itaisubiri?"

"Mke wangu, chombo nnakifahamu. Huko Unguja nitalazwa kama gunia, n'ambiwe inuka, basi."

Wifi yangu aliingia kati akasema nimwache, mtu mgonjwa habishwi. Nikamwacha siku kadhaa. Nilifua, nilisuka ukili, nilikwenda shamba. Nikirudi nilimkuta mezani pake, kichwa ameinamisha, si kwa kazi bali kwa kutafuta pumzi. Alasiri moja nilikaa karibu yake. Nilikuwa nimepanga maneno mengi: gharama ni ndogo, boti ni ya haraka, kuna jamaa wa kutupokea. Yote yaliniponyoka. Nikamwambia, "Miye naogopa."

Aliweka chini bisibisi. Katika maisha yetu sikuwahi kumwambia neno hilo, hata nilipokuwa na uchungu wa kuzaa.

"Waogopa nini?"

"Kubaki."

"Basi twende," alisema.

Siku ya safari wifi yangu alikuja mapema. Alimfungua vifungo vya shati, akampitisha kidole kifuani, akakitazama kidole chake kwenye mwanga wa mlango.

"Mkavu," alisema. "Nendeni." Kisha akageuka uso.

Unguja alipimwa na kijana mwenye mashine ndogo kama kisanduku cha halua. Hakutumia vikombe, alibandika vijikaratasi vyenye gundi. Ilikwisha kabla mume wangu hajamaliza kuvua kofia. Alimuuliza kijana mashine ile imetengenezwa na nani. Kijana aliigeuza akaiangalia chini.

"Sijui, mzee. Ila inafanya kazi."

"Hilo nnaliona," mume wangu alimjibu kwa upole.

Daktari alisema moyo umetanuka na unapiga bila mpango. Alituambia ukweli: dawa hazitauponya, zitaupunguzia kazi. Akaandika vidonge, akaeleza kila kimoja. Tulirudi Pemba, na baada ya wiki chache aliweza kufika msikitini bila kusimama. Alianza kulala na mto mmoja. Wateja wakarudi barazani. Siku moja nilimsikia akimfokea mtu aliyemletea simu iliyoingia maji ya chumvi, na sauti ilitoka kifuani kama zamani. Nilikuwa jikoni, nilisimama na mwiko mkononi ili nimsikie anavyofoka.

Wako walioniuliza kama kule kusubiri karatasi ndiko kulikomuua. Nami niliuliza swali hilo hilo. Daktari alisema hajui. Alisema moyo ulikuwa umechoka muda mrefu kabla hatujaufikisha kwake. Sina la kuongeza juu ya hilo, na wale wa kiwandani sina kinyongo nao.

Karatasi zilikuja baadaye, tulipokuwa tumeacha kuzitaja. Fundi wa Dar alizipata, si nyingi, akazituma kwa boti, na nesi akatupigia simu mwenyewe. Ilikuwa wakati wa karafuu, barabara nzima majamvi yametandazwa na njia imebaki nyembamba. Daktari naye alitaka kuona dawa zinafanya nini, basi tulikwenda kwa haki, si kwa matembezi. Mume wangu alilala kitandani. Vikombe vikaganda. Nesi akawasha, na karatasi ikatoka, na mstari ukaenda vizuri: unainuka, unashuka, unatulia, mara unawahi, mara unachelewa. Hata mimi niliona ulivyokuwa ukichelewa. Nesi alipomaliza ya kuweka kwenye faili, aliiacha mashine iendelee kidogo, akakata kipande akampa.

Alikiweka mezani barazani chini ya kioo. Wateja waliuliza ni nini.

"Stesheni yangu. Inakwaruza, lakini inashika."

Alipata msimu ule mzima na miezi iliyofuata. Kisha upepo ukabadilika, baridi ikaingia, na miguu ikaanza tena. Daktari aliongeza vidonge. Vikasaidia, kisha visisaidie. Aliwaita wenye vitu akawarudishia, vilivyopona na visivyopona, na wenye visivyopona aliwaeleza kilichobaki ili fundi mwengine asianze upya. Hakuniambia kwa nini anafanya hivyo. Sikumuuliza.

Ile Ijumaa nilikuwa nimemaliza kusali. Alikuwa ameegemea mito, macho yako wazi, ananitazama nikikunja msala. Dada yake aliingia na uji. "Weka hapo, dada," akamwambia, "nitakunywa." Akafumba macho. Pumzi moja ilikuja ndefu, nyengine ikachelewa, tukaisubiri. Wifi yangu aliweka bakuli chini, akainama sikioni kwake, akamtamkia shahada, mara nyingi, kwa sauti ile aliyomlelea. Mimi nilikuwa nimemshika mkono. Haikuja pumzi nyengine.

Nilikaa eda. Wanawake walikuja, wakapungua, kama ilivyo. Nilipotoka eda nilizoa vidonge vilivyobaki nikaenda Chake Chake kuvirudisha, kwani vilikuwa vingi na nilijua kuna wanaovikosa. Nesi alikuwa yule yule. Alinikumbatia, akaviangalia, akasema hawaruhusiwi kupokea dawa iliyokwisha toka hospitali. Aliomba radhi kama kwamba kosa ni lake. Nikavirudisha mkobani.

Nilipoaga aliniangalia.

"Na weye mwenyewe? Umepimwa presha lini?"

Nikamwambia sikumbuki.

"Kaa kitako."

Alinifunga kitambaa mkononi, akakijaza upepo, akasikiliza. Akasema iko juu kidogo, pengine ni huzuni, pengine ni mwendo wa kutoka kituo cha gari, lakini hapendi kubahatisha. Alinitaka nirudi Jumatatu, nisile chumvi, nipumzike kabla ya kupimwa.

Jumatatu nilirudi.